Jaribio limegoma: dalili na visababishi kwenye maabara ya baiolojia

"Mwalimu, haibadiliki."

Nafundisha baiolojia hapa Dar es Salaam, na hiyo ndiyo sentensi ninayoisikia kuliko zote maabarani. Mwanafunzi amesimama na testi tyubu, ndani mna kimiminika cha bluu, na macho yameshahamia kwa jirani kuangalia yake imekuwa rangi gani. Hapo hutokea moja kati ya mambo mawili. Ama anamwaga na kuanza upya bila kujua alikosea wapi, ama anaandika rangi aliyoikariri badala ya rangi aliyoiona. Hili la pili linaniuma zaidi, kwa sababu jaribio lililogoma lina habari ndani yake, na yeye amelifuta kabla hajaliuliza.

Maelezo haya yamepangwa kwa dalili. Tafuta kile unachokiona mbele yako, halafu pita visababishi kwa mpangilio nilioweka, kuanzia kile kinachotokea mara nyingi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu na jaribio likakubali, hutajua ni kipi kilichokuwa kinalizuia.

Kabla ya yote: testi tyubu mbili za ziada

Kila unapopima sampuli usiyoijua, weka pembeni testi tyubu mbili. Moja iwe na kitu unachokijua vizuri: uji mwepesi wa muhogo kwa wanga, glukosi ya unga inayouzwa maduka ya dawa kwa sukari rahisi, ute wa yai kwa protini, mafuta ya alizeti kwa mafuta. Nyingine iwe na maji matupu. Zote zipitishe kwenye hatua zilezile.

Sasa soma matokeo. Kama kile unachokijua nacho kimegoma, kosa liko kwenye kemikali au kwenye mikono yako. Kama chenyewe kimekubali na sampuli imekataa, basi sampuli haina kirutubisho hicho, au inacho kidogo mno. Na kama maji matupu nayo yamebadilika rangi, rudi kwenye sinki: chombo ni kichafu, au dropa moja imezunguka kwenye chupa tatu. Dakika tano za kuandaa testi tyubu hizi zinaokoa nusu saa ya kubishana.

Kwenye chumba cha mtihani huenda usipate vitu hivyo. Basi angalau usitumie sampuli yote. Igawe mwanzoni na ubakize robo, ili ukikosea uwe na pa kurudia.

Benedict imebaki bluu

Uliza joto kwanza. Benedict, kile kimiminika cha bluu cha kupimia sukari rahisi, haifanyi kazi ikiwa baridi, na uvuguvugu hautoshi. Kuna siku binti mmoja aliniita akiwa amekata tamaa kabisa. Alikuwa na bika la nusu lita, limejaa maji karibu na ukingo, juu ya taa ndogo ya spiriti, na feni ya darini ikiupepea mwali upande mmoja. Mvuke ulikuwa unatoka, kwa hiyo aliamini maji yanachemka. Tukatumbukiza kipimajoto: nyuzi sitini na kidogo. Tukazima feni. Tukapunguza maji hadi yakalingana tu na kimo cha kimiminika ndani ya testi tyubu. Punde mapovu makubwa yakaanza kupanda kutoka chini ya bika, na ile bluu ikaanza kuvunjika: kijani, njano, rangi ya chungwa, kisha mashapo mekundu kama tofali yakatulia chini. Kemikali haikuwa na kosa lolote.

Kama maji yanachemka kweli na dakika tano zimepita, uliza ni sukari gani. Sukari nyeupe ya dukani ni sukrosi, na sukrosi haibadilishi Benedict mpaka ivunjwe kwanza kwa asidi. Wanafunzi wengi huchukua sukari ya chai kama kitu cha kulinganishia, ikibaki bluu wanasema Benedict imekufa. Haijakufa, imesema kweli. Maziwa nayo huwashangaza kwa upande wa pili: wanasubiri protini na mafuta tu, Benedict inabadilika rangi, wanadhani wamechafua. Maziwa yana laktosi, na laktosi ni miongoni mwa sukari zinazobadilisha Benedict bila msaada wa asidi.

Kisababishi cha tatu kinawahusu wanaopima hiyo sukrosi. Umechemsha sampuli na asidi ya haidrokloriki, umepoza, ukaweka Benedict, ukachemsha tena, bado bluu. Kumbuka ulipoiweka Benedict: je, palitoa mapovu? Kama ndiyo, hiyo ndiyo dalili. Ndani ya Benedict mna sodiamu kaboneti, imewekwa ili kimiminika kiwe na hali ya alkali, na bila hali hiyo jaribio haliendi. Asidi uliyoiacha imekula kaboneti. Rudia, na safari hii ongeza bikaboneti ya sodiamu kidogokidogo kwenye sampuli iliyopoa mpaka mapovu yakome yenyewe, ndipo ulete Benedict.

Kijani nacho kinahitaji neno lake. Kijani chenye mashapo kidogo si kushindwa, maana yake sukari ipo lakini ni kidogo. Andika kijani. Ila kama sampuli yenyewe ni ya njano, mathalani juisi ya embe, bluu na njano zikichanganyika tu zinatoa kijani hata kabla ya moto. Ndiyo maana nawasisitiza waandike rangi ya mchanganyiko kabla hawajaupasha, kisha waandike ya baadaye. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo matokeo.

Iodini haitoi weusi

Angalia chupa kabla hujaangalia sampuli. Iodini nzuri, ile tunayopimia wanga, ina rangi ya kahawia iliyoiva, kama chai ya rangi. Ikiwa imefifia na kuwa njano ya maji, imechoka. Iodini hupanda hewani kama mvuke, na joto la hapa kwetu, hasa kuanzia Novemba hadi Machi, linaiharakisha. Utakuta hata kifuniko cha plastiki kimegeuka kahawia. Ihifadhi kwenye chupa ya kioo cheusi iliyofungwa sawasawa, mbali na dirisha. Wanaoitengeneza wenyewe wakumbuke kuyeyusha kwanza potasiamu ayodaidi kwenye maji kidogo, ndipo iodini iingie. Kwenye maji peke yake inayeyuka kwa shida mno.

Kama chupa ni nzima, gusa testi tyubu. Ni ya moto? Wanga wa moto haushiki rangi. Molekuli ya wanga imejisokota kama springi, iodini hukaa katikati ya msokoto huo ndipo weusi wenye ubluu ukatokea. Joto hulegeza msokoto na iodini inatoka. Ipoze kwa maji ya bomba ukiwa unaitazama: weusi unarudi mbele ya macho yako. Nawapenda wanafunzi walione hilo kwa makusudi angalau mara moja.

Kuna dalili ya tatu iliyo tofauti: unadondosha iodini na kahawia yake inapotea palepale, kimiminika kinabaki bila rangi. Hapo hakuna uhusiano na wanga. Ama testi tyubu ilikuwa na mabaki ya sodiamu haidroksaidi kutoka jaribio la protini, ama sampuli yako ina vitamini C nyingi, kama maji ya ndimu au ya chungwa. Vyote viwili huiua iodini.

Jaribio la protini limetoa bluu

Karibu kila mara ni mkono mzito. Zambarau ya protini ni hafifu, na kopa salfeti ina bluu kali, ukiimwaga kama maji inaimeza zambarau yote. Weka sampuli, weka sodiamu haidroksaidi kiasi kilekile, tikisa, ndipo udondoshe kopa salfeti ya asilimia moja tone moja, tikisa, tone la pili, tikisa. Simama hapo, uangalie juu ya karatasi nyeupe.

Ukiona mabonge ya bluu hafifu yanaelea, umezidisha. Ukiona weusi, umechemsha, na jaribio hili halichemshwi. Mabonge yale ni kopa haidroksaidi, yakipata moto yanageuka oksaidi nyeusi. Sodiamu haidroksaidi inachubua ngozi na ni hatari zaidi kwa jicho: ikikurukia, maji mengi yanayotiririka, papo hapo, kabla hujamtafuta mwalimu.

Kwa mafuta sina mengi. Sudan III, rangi nyekundu ya kupimia mafuta, ikienea kote badala ya kukaa juu kama pete, hujaipa muda. Iache isimame wima kwenye kishikio, usiitikisetikise. Kwa maziwa pete huchelewa kwa sababu mafuta yake yamesambaa kwa matone madogo sana.

Kiazi hakisinyai kwenye maji ya sukari

Hili ndilo jaribio linalogoma kimyakimya, maana hakuna rangi ya kukuamsha. Unapima kipande cha kiazi mviringo, unakiacha saa moja, unapima tena, na namba zinakataa kufuata daftari.

Dalili ya kwanza: kipande kilichokaa kwenye maji ya sukari nacho kimevimba. Wanafunzi huniambia osmosisi, yaani maji kupita utando wa seli kuelekea upande wenye sukari au chumvi zaidi, imekosea. Haikukosea. Hesabu sukari uliyoweka. Ndani ya seli za kiazi mna sukari na chumvi zake, na maji ya sukari yanayolingana nazo huwa na takribani gramu 70 hadi 120 za sukari kwa lita, kutegemea kiazi chenyewe. Vijiko viwili vya chai kwenye glasi ya mililita 250 ni gramu 8 hadi 10, yaani gramu 32 hadi 40 kwa lita. Kwa ulimi wako hayo ni maji matamu, kwa kiazi bado ni maji mepesi, na maji yataendelea kuingia ndani ya seli. Weka gramu 60 kwenye hiyo mililita 250, koroga hadi iyeyuke yote, utaona kipande kinalegea na kupinda kama mpira. Ukipenda chumvi, gramu 10 kwa mililita 250 zinatosha. Huo ni ukali unaozidi kidogo ule wa maji ya bahari, ambayo kwa kawaida yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita.

Dalili ya pili: hakuna kilichobadilika popote. Uliza kama kiazi kilichemshwa au kilikaa kwenye maji ya moto. Utando wa seli iliyokufa hauchagui tena cha kupitisha, kwa hiyo hakuna osmosisi ya kupima. Angalia pia kama umeacha ganda, kwani ganda la kiazi limeumbwa kuzuia maji. Au pengine umebahatisha ukali unaolingana kabisa na wa seli, na hapo kutobadilika ndilo jibu sahihi.

Dalili ya tatu ilinisumbua mimi mwenyewe kwa muhula mzima, kwenye shule niliyofundisha zamani upande wa pwani. Vipande vya kwenye "maji safi" vilikuwa havivimbi inavyotakiwa. Milimita 50 ikawa 50 na nusu, mara nyingine ileile 50. Nikabadilisha viazi, nikanunua vingine Kariakoo asubuhi ileile, nikabadilisha rula. Siku moja kundi moja likakosa maji kwenye ndoo, msichana mmoja akatoa chupa yake ya maji ya kunywa wakamimina. Kipande chao kikafika 52. Nikaenda kwenye tangi, nikaonja. Maji ya kisima, na ladha ya chumvi ilikuwa wazi kabisa. Tulikuwa tumeyazoea kiasi kwamba hatukuyasikia tena. Sehemu nyingi za Dar es Salaam, hasa zilizo karibu na bahari, visima vina chumvi, na kila anayefua nyumbani anajua jinsi sabuni inavyokataa kutoa povu. Lakini hatukuwahi kuyaunganisha yale ya beseni na haya ya bika.

Kwa hiyo, kama shule yako inatumia kisima, onja kwanza au pima. Maji ya mvua ya masika yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua ya mwanzo yanafaa sana. Maji ya betri yanayouzwa maduka ya spea na vituo vya mafuta nayo yanafaa, kwa sharti moja ambalo naomba usilichukulie kirahisi: soma lebo. Asidi ya betri hukaa rafu moja na maji ya betri, kwenye chupa zinazofanana, na ile ni asidi ya salfuriki. Mwalimu au fundi wa maabara ndiye anunue na ndiye afungue.

La mwisho kwenye viazi: kausha kipande kwa karatasi kabla ya kukipima kwenye mizani, kila mara kwa namna ileile. Tone moja la maji lililoning'inia linatosha kukudanganya.

Jani limekataa

Unapopima wanga kwenye jani, likibaki kijani baada ya kuchemshwa kwenye spiriti, spiriti ni kidogo au imeshajaa rangi. Badilisha, weka mpya. Likiwa gumu na linavunjika, halikurudishwa kwenye maji ya moto baada ya spiriti ili lilainike. Likiwa limelainika, limekuwa jeupe, na bado iodini haitoi weusi, uliza lilichumwa saa ngapi. Usiku kucha mmea hutumia wanga wake, hivyo jani la saa moja asubuhi lina wanga kidogo. Chuma mchana, baada ya jua la saa kadhaa. Tena chagua mmea: jani la muhogo au la haibiskasi linafaa, la kitunguu halifai, kwa sababu kitunguu huweka akiba yake kama sukari.

Spiriti haipashwi moto juu ya mwali hata siku moja. Chemsha maji, zima moto kabisa, ndipo testi tyubu yenye spiriti na jani iingie ndani ya maji hayo. Mvuke wa spiriti unatambaa mezani bila kuonekana na unafuata mwali ulipo.

Hadubini ina giza, au ina vitu visivyo seli

Giza tupu: hakikisha lenzi ya chini imekaa mahali pake mpaka ikalia "tik", anza na ile fupi kuliko zote, fungua kidhibiti mwanga, kisha elekeza kioo kwenye dirisha lenye mwanga wa mbingu. Usikielekeze kwenye jua lenyewe, jicho lako litaumia.

Kuna doa: zungusha lenzi ya jicho. Doa likizunguka, liko hapo. Sogeza slaidi. Likisogea, liko kwenye slaidi. Lisipofanya lolote kati ya hayo, liko kwenye lenzi ya chini, na mara nyingi ni iodini iliyokaukia hapo kwa sababu mtu alishusha lenzi ndefu kwa skrubu kubwa. Futa kwa karatasi ya lenzi, si kwa pindo la sketi. Ukiona nyuzi nyembamba zimetandaa kama utando wa buibui na hazifutiki, huo ni ukungu ulioota kwenye kioo, unyevu wa pwani hii ndio chakula chake. Hadubini iliyofungiwa kwenye sanduku bila vipakiti vya silika jeli inaharibika hivyo likizo moja baada ya nyingine.

Na sasa yale maduara. Kila mwaka napokea michoro mizuri, ya penseli iliyochongwa, yenye mistari ya majina iliyonyooka, ya mapovu ya hewa. Povu ni duara kamili lenye ukingo mnene mweusi na katikati patupu. Seli za kitunguu zimepangana kama matofali ya ukuta, na ukiwa umezitia iodini utaona ndani ya kila moja kidoa cha kahawia, ndicho kiini. Kuyakwepa mapovu, gusisha ukingo mmoja wa kifuniko cha slaidi kwenye tone la maji, kishikilie kwa sindano kikiwa kimeinama, kishushe polepole kama unafunika sufuria usitake kupiga kelele. Kwa lenzi ya 40 picha ikigoma kabisa kukaa sawa, angalia kama slaidi imewekwa kichwa chini, kifuniko kikiwa upande wa meza.

Maji ya chokaa hayageuki maziwa

Umeweka hamira na maji ya sukari kwenye chupa kuona kama inatoa kaboni dayoksaidi, mrija umeingia kwenye maji ya chokaa, nusu saa imepita. Kwanza, je, mapovu yanatoka mwisho wa mrija? Kama hayatoki na hamira inaonekana inaumuka, hewa inavuja kwenye kizibo: paka mafuta ya mgando pande zote. Kama hamira yenyewe imelala, ulichemsha maji ya sukari ili kufukuza hewa ukaitia kabla hayajapoa, umeiua. Maji yawe ya uvuguvugu ambao mkono unauvumilia bila shida.

Mapovu yakiwa yanatoka na maji ya chokaa bado angavu, tazama juu ya chupa ulimoyachota. Utando mweupe juu yake ni ishara kwamba yameshakutana na kaboni dayoksaidi ya hewani na yameishiwa nguvu.

Dalili inayowachanganya zaidi ni ile ya mwanafunzi aliyekwenda kunywa maji, akarudi, akakuta kimiminika ni angavu, akaandika kwamba hakuna badiliko. Jirani yake anaapa kuwa alikiona kimekuwa kama maziwa. Wote wawili wamesema kweli. Kaboni dayoksaidi ikianza kuingia hutengeneza kalisi kaboneti, huo ndio weupe wa maziwa. Ikiendelea kuingia kwa wingi, kaboneti ile hugeuka kalisi haidrojeni kaboneti, ambayo huyeyuka, na maji yanarudi kuwa angavu. Chota maji mapya ya chokaa, anza tena, na safari hii kaa hapo na saa, uandike kila baada ya dakika mbili.